Tarishi Asiyenyamaza



Kongosho ni kiungo kidogo kilichojificha nyuma ya tumbo. Hutoa maji ya kusaga chakula, na hutoa insulini inayotawala sukari ya damu. Kwa sababu ya maficho hayo, saratani ikianza humo hukua kimya kimya. Mara nyingi mgonjwa hufika hospitali macho yamekuwa manjano, mwili umekonda, na ugonjwa umekwisha kutapakaa. Hata Marekani, yenye mitambo ya kila aina, katika wagonjwa 100 ni kama 13 tu wanaofikisha miaka mitano baada ya kugunduliwa.

Je, balaa hili huanzia wapi? Kila seli ya mwili hufanya kazi kwa maagizo. Agizo la kukua na kugawanyika hutoka nje na kugota kwenye utando wa seli. Ndani yumo tarishi, nayo ni protini iitwayo KRAS, anayelipokea na kulipitisha kwa protini nyingine hadi kwenye kiini. Tarishi huyo akishika kemikali iitwayo GTP, huwa kazini. Akiikata ikawa GDP, hurudi kitini kupumzika.

Protini hiyo imetungwa kwa vipande visivyofika 200, mfano wa shanga katika uzi. Kikibadilika kimoja tu, mara nyingi kile cha 12, tarishi hushindwa kuikata GTP. Basi hurudia agizo lile lile usiku na mchana, ingawa hakuna aliyemtuma. Kasoro hiyo hukutwa kwa wagonjwa wapatao 9 katika kila 10 wa aina kuu ya saratani ya kongosho. Hata hivyo, peke yake haitoshi. Hupita miaka mingi, na jeni za ulinzi kama TP53 nazo huharibika, ndipo uvimbe huwa saratani kamili.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja. Jina RAS lenyewe latokana na saratani ya panya, iliyochunguzwa maabara katika miaka ya 1960. Mwaka 1982 jeni za jamii hiyo zilitambuliwa katika saratani za binadamu, na mwaka 1988 kasoro ya KRAS ikaonekana katika kongosho. Kisha njia ikawa kama imeziba, kwa maana uso wa protini hiyo ni laini, hauna mahali pa dawa kushika. Mwaka 2013 Kevan Shokat na wenzake wa San Francisco walionyesha mfuko mdogo katika kasoro iitwayo G12C. Mwaka 2021 Marekani ikaidhinisha dawa ya kwanza, sotorasib, kwa saratani ya mapafu. Katika kongosho aina hiyo ni adimu, bali mlango ulikuwa umefunguka, na dawa za kulenga aina nyingine zikafuata katika majaribio.

Yeyote anayeuliza utafiti wa panya una faida gani, jibu ni hilo. Taifa linalodharau elimu kwa kuwa haikuleta dawa mwaka huu hukata mwembe kabla haujazaa.

Wakati huo huo, kinga isisubiri maabara. Tumbaku huongeza hatari ya ugonjwa huu. Na mtu mzima anayekonda bila sababu, au macho yake yakiwa manjano, apelekwe hospitali mapema, asifichwe nyumbani.