Mchezo Nao Unataka Andalio

Msikilizaji, ukipita darasa la awali ukawakuta watoto wametulia tuli, wananakili a, e, i, o, u kutoka ubaoni, utasema hapa yupo mwalimu. Ukipita jingine ukakuta hawa wanauziana vizibo vya chupa na wale wanamimina maji kwenye vifuu, utadhani mwalimu kaenda kunywa chai. Maoni yangu ni kwamba darasa hili la pili, likiendeshwa inavyopasa, ndilo linalodai maandalizi makubwa zaidi. Tatizo ni kwamba sisi bado tunampima mwalimu kwa lile la kwanza.

Itazame hiyo kona ya duka. Mwalimu aliyejiandaa ameamua tangu jana kwamba bei zisizidi vizibo vitano, kwa kuwa juzi aliona watoto wengi wakikwama kwenye sita. Amepanga mtoto asiyependa kusema awe muuzaji, maana muuzaji hana budi kujibu. Swali nalo analo tayari: amekupa vizibo vitano, kanunua cha vitatu, utamrudishia vingapi? Asipoliandaa swali hilo, kona ile ni vizibo tu sakafuni.

Ushahidi tunao, tena wa hapa hapa kwetu. Shule za awali za madrasa zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, kisha zikaenea Zanzibar na Uganda, ziliwafundisha walimu kupanga kona na kutumia vifaa vya mazingira yao. Mwaka 2008 Peter Mwaura na wenzake walichapisha utafiti uliowalinganisha watoto wa madrasa hizo na wa shule nyingine za awali, na pia waliobaki nyumbani. Wote waliopitia shule ya awali waliwapita wa nyumbani, na wa madrasa wakaongoza. Watoto hao hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo tusidai kila kitu kimethibitishwa. Lakini madrasa hizo ziliazima mbinu zake Marekani, katika mradi wa Perry ulioanza mwaka 1962 huko Ypsilanti, Michigan, ambako mtoto alipanga atakachofanya, akakifanya, kisha akakisimulia. Watoto 123 wa utafiti ule walifuatiliwa hadi umri wa miaka 40, na waliosoma humo walikuwa na kipato kizuri zaidi na kesi chache zaidi za kukamatwa na polisi kuliko wenzao wa utafiti huo ambao hawakusoma humo.

Atakayesema Perry ilikuwa na watoto wachache na walimu wa kutosha, amesema kweli. Tanzania kiwango rasmi ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na bado yapo madarasa yenye zaidi ya 100. Hapo kona tano hazitawezekana. Lakini kuimba herufi kwa pamoja hakujautatua msongamano, kumeuficha tu: mtoto wa nyuma anafungua mdomo na wenzake, wala hakuna anayejua kama anazijua. Heri kundi moja likae konani na mwalimu huku mengine yakicheza uwanjani na msaidizi kutoka kijijini, kisha wapokezane. Serikali nayo idaiwe walimu.

Wazazi wanataka daftari lililojaa, na siwalaumu, kwani hicho ndicho kitu pekee shule inachowapelekea nyumbani. Hata hivyo, vidole vya miaka mitano hupata nguvu ya kushika kalamu kwa kufinyanga udongo na kutunga shanga, na mwalimu anaweza kuwaonyesha wazazi hayo siku ya mkutano, vitu vyenyewe vikiwa mezani. Kinachobaki ni ukaguzi. Mdhibiti ubora akifika shuleni, aombe maandalio ya wiki iliyopita kabla ya madaftari ya watoto, aangalie kama la Jumanne lilibadilika kwa sababu ya kilichoonekana Jumatatu. Kama yote yanafanana, hapo ndipo aanze kuuliza maswali.