Kiungo Kisicho na Hati: Tatizo la Kufuatilia Nasaba za Walowezi wa Plymouth



1. Utangulizi

Waandaaji wa semina hii wamenitaka nieleze namna ya kumhudumia msomaji anayefuatilia ukoo wake hadi kwa mlowezi wa karne ya 17 huko Massachusetts. Ya msingi nitayapitia haraka, maana sisi wakutubi na watunza nyaraka tuliomo humu si wageni wa kazi hii. Muda uliobaki nitautumia kwa jambo moja linalotusumbua miaka nenda miaka rudi. Maoni haya ni yangu binafsi, wala si msimamo wa mwajiri wangu.

2. Istilahi na vyanzo

Nasaba ni mfuatano wa vizazi, mti wa ukoo ni mchoro wake, na kiungo ni uhusiano wa mtoto na mzazi wake. Vyanzo tunavijua: rejista za ubatizo na ndoa, wosia, hati za ardhi na orodha za koloni. Sensa hazisaidii sana: ya kwanza ya Marekani ni ya 1790, na hadi ile ya 1840 ilitaja jina la mkuu wa kaya tu. Tukumbuke pia kwamba kabla ya 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza Machi 25. Ndiyo maana kifo cha mlowezi John Howland cha Februari 23 huandikwa 1672/73.

3. Tatizo lenyewe

Nimemtaja Howland kwa sababu. Alikuwa mtumishi wa John Carver, gavana wa kwanza wa koloni la Plymouth, na alivuka bahari kwa meli ya Mayflower mwaka 1620. Dhoruba ilimtupa majini, akanusurika kwa kung'ang'ania kamba ya tanga. Yeye na mkewe Elizabeth walijaliwa watoto kumi, hivyo uzao wao ni mkubwa mno na jina lao haliondoki mezani petu.

Kwa vizazi kadhaa iliandikwa kwamba Elizabeth alikuwa binti wa Gavana Carver. Dai hilo lilichongwa hadi kwenye jiwe la kumbukumbu katika makaburi ya Burial Hill huko Plymouth. Howland aliishi nyumbani kwa Carver, na Carver alikuwa mkubwa wa watu; waliotaka babu mwenye cheo wakaridhika.

Mwaka 1855 muswada wa historia ya koloni ulioandikwa na William Bradford, naye gavana wa Plymouth, uliokuwa umepotea kwa miongo mingi, ulitambuliwa Uingereza katika maktaba ya Askofu wa London huko Fulham. Ulichapishwa mwaka uliofuata. Katika orodha yake ya abiria wa Mayflower, Bradford anasema wazi kwamba Howland alimwoa Elizabeth, binti wa John Tilley. Wazazi wa binti huyo walifariki muda mfupi baada ya kufika. Katika kaya ya Carver hakutaja mtoto yeyote wa gavana. Baadaye ubatizo wa Elizabeth Tilley ulipatikana Henlow, Bedfordshire, wa Agosti 1607. Jiwe lilibadilishwa, lakini vitabu vya zamani havikubadilika, na msomaji bado anatuletea nakala ya ukurasa wenye jina la Carver akiwa na furaha tele.

Mtego wa pili ni wa majina. Henry na Arthur, ndugu wa John Howland, walihamia koloni baadaye, hawakuwamo Mayflower. John alikuwa na mwana aitwaye Joseph, na Henry naye alikuwa na Joseph. Wa John alimwoa Elizabeth Southworth. Wa Henry alimwoa Rebecca Hussey. Anayetazama jina la mume peke yake anahama tawi bila kujua. Nimeshaona mti wenye majina kumi na moja yaliyopangwa vizuri, yenye tarehe zote, na juu kabisa Joseph asiye wake.

Tumependekeza mara nyingi karatasi ya tahadhari ibandikwe kwenye vitabu vyenye makosa ya aina hii. Jibu ni lile lile: maktaba haihukumu vitabu. Hoja hiyo naiheshimu. Hata hivyo, msomaji akikuta kitabu kwenye rafu yetu ya marejeo huamini tumekihakiki. Akikuta vitabu sita vinavyosema jambo moja, anahesabu mashahidi sita, kumbe vitano vilinakili cha kwanza.

4. Mapendekezo

(i) Kila kiungo kiwe na hati yake. Hati ya babu haimthibitishi mjukuu.

(ii) Msomaji aanze na wazazi wake na kupanda kizazi kwa kizazi. Asianze Mayflower akashuka.

(iii) Mke atafutwe kwa bidii ile ile anayotafutwa mume. Ndiye anayetofautisha Joseph na Joseph.

(iv) Kuishi kaya moja kusichukuliwe kuwa udugu.

(v) Vitabu vinavyonakiliana vihesabiwe kuwa shahidi mmoja.

(vi) Jiwe la kaburi liulizwe limewekwa lini na nani.

(vii) Tarehe za Januari 1 hadi Machi 24 kabla ya 1752 ziandikwe kwa miaka miwili.

(viii) Tuige utaratibu wa chama cha wazao wa Mayflower kilichoanzishwa 1897, kinachodai ushahidi wa kila kizazi.

(ix) Karatasi ya tahadhari ibandikwe. Ikishindikana, basi iwekwe mezani.

(x) Kwa msisitizo: kila kiungo kiwe na hati yake.

5. Hitimisho

Utekelezaji wa (ix) hauhitaji bajeti, unahitaji saini. Naomba semina hii iliingize pendekezo hilo kwenye maazimio yake, likiwa na jina la mhusika na tarehe ya kulikamilisha.