Michezo Jumuishi kwa Watu Wenye Ulemavu wa Akili: Tatizo la Kifungu cha Bajeti

Mada kwa semina ya madiwani, maafisa wa halmashauri na wadau wa michezo, Kata ya Ngokolo, Manispaa ya Shinyanga

1. Utangulizi

Ndugu Mwenyekiti, waandaaji waliniomba nizungumzie mambo manne: maana ya ulemavu wa akili, sera na sheria, michezo jumuishi ni nini, na nani aigharamie. Matatu ya mwanzo nitayapita haraka, kwa kuwa wengi mliomo humu ndani mnayafahamu na baadhi yenu ndio mliotufundisha. Muda niliopewa nitautumia kwenye la nne.

2. Maana na sheria

Ulemavu wa akili ni hali ya kudumu inayoanza utotoni, ambapo mtu anapata shida kubwa kuliko wenzake wa rika lake katika kujifunza, kufikiri na kumudu shughuli za kila siku. Si ugonjwa wa akili. Visababishi ni vingi: hali za kuzaliwa nazo kama Down, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kali inayopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo. Kwa ukanda wetu wa dhahabu tusiisahau zebaki, maana mvuke wake unaovutwa na mama mjamzito pale dhahabu inapochomwa unaweza kuudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Hilo linastahili semina yake.

Michezo jumuishi ni timu moja yenye wanamichezo wenye ulemavu wa akili na wenzao wasio nao. Special Olympics, iliyoanza Chicago mwaka 1968 kwa juhudi za Eunice Kennedy Shriver, imeipa kanuni: katika soka la wachezaji saba, uwanjani wanakuwa wanne wenye ulemavu na watatu wenza.

Kuhusu sheria, tunayo ya kutosha. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ni ya mwaka 1967. Sera ya Maendeleo ya Michezo ni ya 1995, na ile ya Maendeleo na Huduma kwa Watu Wenye Ulemavu ni ya 2004. Mwaka 2009 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 30 inataja waziwazi michezo, ikiwemo ya watoto shuleni. Mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Naishia hapo.

3. Fedha zinakwama wapi

Kwa miaka mingi, kwanza kama mwalimu wa elimu maalumu na baadaye kama kocha wa kujitolea, nimekuwa nikifuatilia swali moja: katika bajeti ya halmashauri, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili iko kwenye kifungu gani? Sitaitaja halmashauri niliyopata majibu yafuatayo, na sidhani kama ni ya peke yake. Afisa Michezo alinielekeza kwa Ustawi wa Jamii, kwa kuwa ni watu wenye ulemavu. Ustawi wa Jamii wakanielekeza Elimu Maalumu, kwa kuwa wengi ni watoto. Elimu Maalumu wakanirudisha kwa Afisa Michezo, kwa kuwa ni michezo. Wote watatu walikuwa waungwana, na kwa mujibu wa majukumu yao hakuna aliyekosea. Ndiyo maana jambo hili ni gumu: hakuna wa kumlaumu, na hakuna shilingi iliyotoka.

Wenzetu wa mipango wanajua nini hutokea kwa shughuli isiyo na kifungu. Haiingii kwenye mfumo wa mipango, na kisichoingia kwenye mfumo hakilipwi, hata mkurugenzi akiwa na moyo wa huruma kiasi gani. Kinachobaki ni kupitisha bakuli. Michango hiyo nayo huja wakati wa safari: kuna mashindano, basi linahitajika, jezi zinahitajika, mgeni rasmi atapiga picha. Hatuidharau safari. UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, imefungua mlango kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na hilo ni jambo jema. Lakini mwanafunzi anayekimbia siku tatu kwa mwaka na kukaa ndani siku zilizobaki hajapata michezo. Amepata matembezi.

Kinachohitajika ni mazoezi ya kila wiki, na gharama zake si kubwa ila ni za aina ambayo taratibu zetu hazijaizoea. Mtoto mwenye ulemavu wa akili mara nyingi hawezi kupanda daladala peke yake, kwa hiyo nauli ni ya watu wawili. Special Olympics hutaka walau kocha mmoja kwa kila wanamichezo wanne, ilhali sisi huhesabu mwalimu mmoja kwa timu nzima. Mwenye Down anastahili kupimwa shingo kabla ya kuruhusiwa kupiga mpira kwa kichwa, na kipimo hicho ni cha hospitali, si cha uwanjani. Mwangalizi, nauli ya pili, kipimo: hakuna hata kimoja kinachoonekana ukiandika tu "vifaa vya michezo".

Tutazame fedha zilizopo. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imekuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 zikienda kwenye vitabu na 6,000 zikifika shuleni. Kitengo cha elimu maalumu chenye wanafunzi 40 kinaleta shilingi 240,000, na humo mna chaki, karatasi za mitihani na ukarabati. Michezo ipate kiasi gani? Na yule aliyemaliza umri wa shule, ambaye ndiye anayefungiwa ndani zaidi, hana hata hiyo.

Kuna asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kila nikiuliza naambiwa, "Si mna ile asilimia mbili?" Ile ni mikopo, waheshimiwa. Haina riba, lakini inarejeshwa. Huwezi kukopa mpira ukaurejesha kwa faida ya mabao. Na kijana mwenye ulemavu wa akili huulizwa kwanza kama anaweza kusaini mkataba.

Kuna fedha za madini. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mwenye leseni anatakiwa kukubaliana na halmashauri mpango wa kila mwaka wa wajibu wake kwa jamii. Geita wamenufaika kwa mabilioni, na halmashauri ya mji huo imeweza hata kuwa na timu, Geita Gold, iliyomtoa mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2021/22, George Mpole, kwa mabao 17. Nawapongeza kwa dhati. Lakini mpango huo hufanywa na halmashauri yenye mgodi. Bulyanhulu iko Msalala, Mwadui iko Kishapu, na sisi wa Manispaa hatuna mgodi wa namna hiyo. Baba yuko machimboni Kakola au Katoro, mtoto kaachwa kwa bibi yake hapa Ngokolo; jasho la baba linahesabiwa kule, mtoto anahesabiwa huku.

Kitaifa upo Mfuko wa Maendeleo ya Michezo, uliotengewa sehemu ya kodi ya michezo ya kubahatisha. Ipo pia zawadi ya Rais iitwayo "Goli la Mama", iliyoanza mwaka 2023 kwa shilingi milioni tano kwa kila bao la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika. Sina kinyongo nayo, nami hushangilia. Nasema tu kwamba bao moja la mwaka ule lingelipa nauli za mazoezi ya kata nzima kwa muda mrefu.

4. Mapendekezo

Kwanza, na hili ndilo kubwa: halmashauri iteue idara moja yenye dhamana ya michezo ya watu wenye ulemavu. Iwe yoyote kati ya zile tatu. Barua ya uteuzi iandikwe, na nakala ije kwenye kata.

Pili, shughuli iandikwe kwenye mpango kwa jina lake, yaani mazoezi ya kila wiki, nauli ya mwanamichezo na mwangalizi, vipimo vya afya, posho ya kocha. Kama nilivyokwisha kusema, "vifaa vya michezo" peke yake haitoshi.

Tatu, kamati za watu wenye ulemavu za mitaa ziandae daftari la wenye ulemavu wa akili, watoto na watu wazima. Sensa ya 2022 ilitupa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi kuwa na ulemavu, lakini asilimia haipangi nauli. Daftari lithibitishwe na wataalamu. Tukumbuke Paralimpiki ya Sydney 2000, ambako wachezaji kumi kati ya kumi na wawili wa timu ya kikapu ya Hispania hawakuwa na ulemavu wa akili, na waliokuwa nao kweli wakafungiwa nje hadi London 2012.

Nne, ile asilimia mbili ibaki mikopo, lakini wazazi na walezi wasaidiwe kukopa kwa shughuli zao halisi, na isitajwe tena kama jibu la michezo.

Tano, Mkoa uzikutanishe halmashauri zenye migodi na zisizo nayo, ili sehemu ya miradi ya jamii ivuke mpaka.

Sita, viwanja. Uwanja wa Kambarage ni mali ya chama cha siasa, CCM, hivyo halmashauri haiwezi kupanga ratiba yake. Viwanja vya shule za kata vitengewe siku moja kwa wiki.

Saba, wachezaji wenza watoke shule za sekondari za hapahapa, na walimu wao wapewe mafunzo.

Nane, narudia la kwanza: idara moja, barua moja.

Waheshimiwa madiwani, mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Baraza lenu hupitisha makadirio miezi kadhaa kabla ya hapo. Mapendekezo ya kata yanaanzia kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wajumbe wake wengi wamekaa humu. Nawaomba kikao kijacho kisifungwe kabla mstari wa michezo hii haujaandikwa.