Msitu wa Kakamega, Mahali pa Mapumziko ya Jamaa

Mazungumzo kwa watu wa Sigalagala



Katika nchi za baridi, kama vile Austria na Uswisi, iko desturi ambayo watu wa huku huiona ya ajabu. Theluji inapoifunika milima, baba na mama huwachukua watoto wao wakapanda mpaka kijiji kidogo cha mlimani, na huko hufunga mbao nyembamba miguuni wakateleza katika mtelemko siku nyingi. Wakenya nao wamejulikana katika michezo hiyo. Philip Boit alishindana katika mbio za theluji huko Nagano, Japani, mwaka 1998. Na Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi, aliiwakilisha Kenya katika kuteleza huko Korea ya Kusini mwaka 2018. Hata Afrika ina mahali pa mchezo huo: Afriski, katika milima ya Maluti nchini Lesotho, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari.

Yafaa kuuliza, je, watu hao hufuata nini? Wengine hupenda miji ya mlimani yenye sifa kubwa, penye umati wa watu na muziki usiku kucha. Lakini mwenye watoto wadogo hayataki hayo. Hutaka mahali ambapo mtoto aweza kujifunza na kuanguka bila ya kugongwa na wenye mbio, na ambapo usiku watu hulala. Theluji humwita, lakini utulivu ndio umrudishao mwaka wa pili. Na mgeni arudiye kila mwaka ndiye riziki ya kijiji, maana wenyeji ndio wapishi wake, walimu wake na waongozi wake.

Sigalagala hakuna theluji, wala haitazamiwi. Lakini utulivu wa namna ile ile upo karibu, nao ni Msitu wa Kakamega.

Mgeni aendaye huko huiacha barabara kuu ya Kisumu pale Khayega, akashika njia ya Shinyalu mpaka Isecheno. Hapo hulipa ada yake, na raia hulipa kidogo kuliko mtu wa nchi za nje. Kisha hupewa mwongozi, naye kwa kawaida ni kijana wa vijiji vya jirani. Hatua chache tu ndani ya miti, kelele za magari husahauliwa. Mbega huruka juu ya matawi, manyoya yao meupe yakining'inia kama shuka. Hondohondo hulia, na mwenye bahati humwona yule ndege mkubwa wa rangi ya samawati mwenye kishungi kichwani. Ndege wa msitu huu ni zaidi ya aina 300, na baadhi yao hawaonekani penginepo katika Kenya, kwa kuwa msitu huu ni mabaki ya misitu mikubwa ya Kongo na Uganda.

Wenye nguvu hupanda kilima cha Lirhanda kabla ya jua kuchomoza, wakauona msitu umetandikwa chini kama zulia, na milima ya Nandi upande wa mashariki. Chini ya kilima hicho liko shimo la watafuta dhahabu, ukumbusho wa siku zile za miaka ya 1930 walipomiminika Kakamega. Leo wenyeji wake ni popo. Upande wa kaskazini, huko Buyangu, ipo Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1985, yenye maporomoko ya mto Isiukhu. Na huko Rondo iko nyumba ya wageni iliyojengwa mwaka 1948 na mpasua mbao mmoja. Yasimuliwa ya kuwa mkewe alimwomba ajenge chini ya mti mkubwa kuliko yote. Hivyo yule ambaye kazi yake ilikuwa kuangusha miti aliuacha mmoja usimame, na wageni hadi leo huja kuketi karibu na mahali hapo.

Basi, jambo la kusikitisha ni hili. Watoto wa London na Berlin hupelekwa na wazazi wao kuutazama msitu huu, nao hurudi kwao wakiwa na habari za kusimulia. Lakini wako watoto wengi wa Isukha na Idakho wasioujua msitu ila kwa kutumwa kuni. Mtoto aliyezoea kuingia msituni na panga tu ataukumbuka kwa panga tu. Hataona hasara mti wa mwiritsa unapobanduliwa gome lote kwa kuuza dawa ukafa umesimama, wala mkombero unapong'olewa mpaka mzizi wa mwisho.

Wala si haki kumlaumu mama atafutaye kuni, kwa kuwa watoto wake hawatakula utulivu. Mtu hulinda kile kimpacho faida, na msitu uwapao faida wageni peke yao hautalindwa na majirani. Kwa sababu hiyo sheria za misitu za mwaka 2005 na 2016 zimewapa majirani nafasi ya kuungana katika vyama na kushiriki katika utunzaji. Na mwaka 1995 vijana wa Isecheno walianzisha mpango wao wenyewe, KEEP, wa kuwafundisha wanafunzi na majirani habari za msitu. Hao hawakungoja kuambiwa.

Kwa hiyo, katika likizo ijayo, baba na mama wa Sigalagala wajaribu kuwa wageni wa msitu kwa siku moja. Waende asubuhi, kwa maana alasiri mara nyingi mvua hunyesha. Wavae viatu vya kufunika mguu, na suruali ziingizwe ndani ya soksi, kwa sababu siafu hawana heshima kwa mkubwa wala mdogo. Wachukue chakula chao, na taka warudi nazo. Redio na simu zinyamazishwe, maana mbega hakimbii mtu anyamazaye. Wamfuate mwongozi, na watoto waachwe waulize maswali yote wanayotaka.

Faida ya siku hiyo haitaonekana sokoni kesho yake. Lakini mtoto aliyeoneshwa mbega na baba yake atauliza, miaka mingi baadaye, mbega wamekwenda wapi. Na katika kijiji ambacho wengi huuliza swali hilo, mkata miti wa usiku hana mahali pa kujificha.

Theluji ya milimani huyeyuka kila mwaka, na mwaka ufuatao hurudi yenyewe. Mti mkubwa wa msituni ukianguka leo, mjukuu wa aliyeukata atazeeka kabla mwingine haujafikia kimo chake.