Lugha Iliyotangazwa: Kiswahili, Tovuti na Msomaji Asiyeona



Shirika moja lisilo la kiserikali la hapa Mwanza liliniomba niitathmini tovuti yake ya Kiswahili, inayotoa taarifa za afya kwa wavuvi wa mwambao wa Ziwa Victoria na familia zao. Nilitarajia kusahihisha sarufi. Sarufi ilikuwa safi.

Ndipo nilipomwomba mwanafunzi wangu asiyeona aisome kwa NVDA, programu isiyolipiwa inayogeuza maandishi ya skrini kuwa sauti. Tulisikia *pole* ikitamkwa "poul", *wake* ikawa "weik", na katika onyo la kutotema mate ovyo, *mate* ikawa "meit". Baada ya aya mbili mwanafunzi alisema: "Profesa, anayesoma hapa ni Mwingereza."

Programu haikuwa na kosa. NVDA hutumia chombo cha usemaji kiitwacho eSpeak NG, nacho kinacho Kiswahili. Kosa lilikuwa mwanzoni mwa msimbo wa ukurasa, ambamo lugha ilitangazwa kuwa "en", yaani Kiingereza, badala ya "sw". Hivyo kanuni za lugha ambamo *e* ya mwisho mara nyingi haitamkwi zilitumika kwa lugha yenye irabu tano, ambamo kila irabu hutamkwa.

Miongozo ya kimataifa ya WCAG, toleo la 2.0 la mwaka 2008 hadi la 2.2 la mwaka 2023, huweka sharti la kutaja lugha ya ukurasa, namba 3.1.1, katika ngazi A, iliyo ya msingi kabisa. Tulikuta pia picha zisizo na maelezo, na maandishi ya kijivu yasiyofikia uwiano wa 4.5 kwa 1 na rangi ya nyuma yake. Jambo zito kwa watu wenye ualbino, ambao wengi wao wana uoni hafifu. Hayo mawili programu ya ukaguzi iliyaona. Kuhusu lugha, iliipasisha tovuti, kwa kuwa lugha ilikuwa imetajwa. Kwamba si lugha yenyewe, ni sikio la binadamu lililong'amua.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inagusa pia intaneti. Kwa msomaji yule, haki hiyo ilizuiwa na herufi mbili. Kuzikagua ni kazi ya isimu pia, nami nawakabidhi ninyi wanafunzi kazi hiyo.