Si Mvujo: Istilahi ya Kumbukumbu na Zana za Java



Hesabu ya wagonjwa wa malaria wa Nyamongo hutoka katika vitabu vya MTUHA na kuingizwa katika DHIS2, mfumo ulioandikwa kwa Java na uliokwishaenea Tanzania Bara mwaka 2013. Mfumo wa namna hiyo ukizorota, takwimu hukwama. Fundi hana budi kuuchunguza ungali unakwenda. Zana za kazi hiyo zimo tangu Java 5 ya mwaka 2004: jstack humwonyesha kila uzi, yaani kila mkondo wa kazi, unafanya au unangoja nini, jmap hunakili kumbukumbu katika faili, ionekane kipi kimeshikilia kipi.

Hapa istilahi hutukwaza. Tafsiri sisisi ya Kiingereza hutupa “mvujo wa kumbukumbu”, ilhali hakuna kinachovuja. Java huzoa yenyewe kisichorejelewa tena. Kinachoielemea programu ni kisichotumika ambacho bado kimeshikiliwa. Mchimbaji wa Nyamongo (naye ni mjuzi wa vifusi) angesema shimo limejaa. Fundi aliyeambiwa “mvujo” atatafuta tundu lisilokuwapo. Napendekeza “mlimbikizo”, nikijua fika kwamba wahandisi wetu hawataliacha neno la Kiingereza upesi.