Nabii Kisimani
(Dominika ya 20 ya Mwaka C)



Somo la kwanza limetufikisha ukingoni mwa kisima. Nabii Yeremia ametumbukizwa humo, naye anazama matopeni. Kosa lake ni kusema kweli ambayo wakubwa hawakupenda kuisikia. Nao wakamwita adui wa watu wake.

Visima vya namna hiyo havijafukiwa. Mwaka 1993, nchini Nigeria, mwandishi Ken Saro-Wiwa alitiwa kizuizini mwezi mmoja na siku moja. Aliwatetea Waogoni, kabila dogo ambalo mashamba na mito yake ilichafuliwa na mafuta. Aliyaandika mateso hayo katika kitabu. Tarehe 10 Novemba 1995 alinyongwa pamoja na wenzake wanane. Kamba ilimnyamazisha mtu. Neno lake bado linasomwa.

Sisi wa Karatu tusidhani kwamba hayo ni ya mbali. Maji yetu yatoka katika msitu wa Ngorongoro. Majirani zetu Wamaasai waliondolewa Serengeti mwaka 1959, wakaahidiwa kuishi Ngorongoro pamoja na wanyama. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku humo. Juni 2022, mpaka wa eneo la kilometa za mraba 1,500 ulipowekwa Loliondo, askari mmoja aliuawa na wananchi walijeruhiwa. Watu zaidi ya 20 walishtakiwa kwa mauaji, wakakaa mahabusu mpaka kesi ilipofutwa Novemba mwaka huo.

Tunamwombea askari yule, maana damu yake ni damu ya ndugu. Msitu na wanyama nao ni kazi ya mikono ya Mungu, wala hatuwezi kuvidharau. Lakini tujiulize: ni wangapi kati yetu tulioshika majembe yetu tukasema, hayo ni mambo ya wafugaji?

Ebed-Meleki, Mkushi, mwana wa Afrika, alikuwa mgeni katika nyumba ya mfalme. Hata hivyo alimwendea mfalme akasema wazi kwamba tendo lile ni ovu. Kisha akatafuta matambara makuukuu, Yeremia ayaweke makwapani, kamba zisimchubue.

Ndugu zetu, kutetea haki kunahitaji kamba na matambara pia: kumtembelea mahabusu, kuipelekea familia yake debe la mahindi, kutoa ushahidi wa kweli. Wiki hii, kila jumuiya ndogondogo iulize ni nani yumo kisimani karibu nayo.

Bwana atujalie ujasiri wa Mkushi yule. Amina.